Mbegu ya Mkopo

Kabla ya adhana ya magharibi, wengine wakitia udhu,
mimi hupiga magoti mstari wa nne,
nikalifumbua ua ambalo lingefumbuka kesho,
nikalihasi kwa kibanio, chembe kwa chembe,
nikalivika kipande cha mrija
nilichopewa na muuza madafu wa Kongowea.
Asubuhi, saa tatu, umande ukishakauka,
namletea bibi harusi chavua cha mume wa shamba la pili
kwa brashi ya wanja ya mke wangu.
Hajui. Anadhani imepotea.

Mama ni mfupi, mkaidi,
huinywa chumvi ya Mwakirunge bila kukunja uso.
Baba ni mrefu, nyuzi zake hariri,
ila chawa wa majani wakimpanda tu, hoi.
Mimi nililelewa kwamba mwana wa nyoka ni nyoka.
Siku ya tisa nikasimamisha rula kwenye vikopo vya mtindi:
mama, sentimita saba.
Baba, nane na nusu.
Mwana, kumi na mbili,
majani yake ya kwanza mapana kama masikio ya mbuzi.
Nikapima tena. Rula haikugeuza neno.

Mavuno yalipofika, Nyevu Kazungu alishindilia magunia matatu
pale alipozoea moja na robo.
Akacheka hadi khanga ikamdondoka begani.
"Hizi mbegu natia kibuyuni," akasema, "za mwakani."
Nikamwambia asiweke.
Nguvu hii ni ya kizazi kimoja;
wajukuu hutawanyika, huyu kwa babu, yule kwa bibi,
mwingine hajulikani kwao.
Mwakani aje anunue.

Alinitazama kama mtu wa mikopo.
"Kumbe mlinipa mwana,
tumbo mkabaki nalo."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari.

Masika iliyofuata alipanda za kibuyuni
mistari miwili, nyuma ya choo.
Nilikwenda bila kuitwa.
Kweli, safu haikuwa safu:
mmoja kigutu, wa pili kigutu,
wa tatu mrefu, mwembamba, umelazwa na chawa,
wa nne haukuota,
na mwingine, kando ya ndoo iliyotoboka,
ukanifanya niiname.
Haukuwa wa mama. Haukuwa wa baba.
Vitumba nilihesabu mpaka nikapotea.

Nyevu alikuwa ameshaufunga uzi mwekundu shinani.
"Pima basi," akasema,
"si ndiyo kazi yako?"