Usifagie Kwanza

Mimi ni fundi wa fremu, Mtaa wa Selkirk, Winnipeg,
si mtu wa ibada. Napima, nakata, nagundisha.
Mirl Oksenberg alikuwa akija Alhamisi,
theluji mabegani, picha kaifunga kwa shuka la kitanda,
na kabla hajagusia bei
husema habari ya Rebi Getzl.

Rebi Getzl aliuza samaki wa chumvi.
Juu ya kifuniko cha pipa, kwa chaki,
alimfundisha herufi ishirini na mbili
huku wateja wakinuna na mikoba yao.
Alefu haina sauti, alimwambia.
Ni mdomo unaofunguka kabla ya neno.
Mirl akaichora miaka arobaini:
alefu ya masizi, alefu ya rangi ya ganda la kitunguu,
alefu iliyochutama kama mtu anayepuliza jiko.
Nami, nisiyejua alifu kwa kijiti,
nikaziwekea pembe nne, zote nyuzi tisini.

"Bwana Ostap, unajua Mungu alianzaje kazi?
Hakunyoosha mkono. Alijikunyata.
Palijaa Yeye kote, hadi ukutani;
akajivuta kando kidogo,
kama mtu kwenye benchi, akatupisha tukae."
Nilicheka, nikaendelea kupiga randa.
Lakini Jumapili, kanisani, nilisogea bila kuombwa.
Hakuna aliyekuja kukaa.

Mwaka ule mikono ilipoanza kumtetemeka
alileta turubai tupu.
Tupu kabisa, ila uzi wa buluu pembeni,
mwembamba kama mshipa wa kwenye kope.
Imekwisha? nikamwuliza.
Akasema, "Nimeipisha."

Nilitaka kuiwekea kioo kizuri, cha Ubelgiji.
Kikaniponyoka.
Nasema kikaniponyoka, kumbe nilikuwa nikimtazama yeye.
Sakafu nzima ikaota meno.
Nikashika ufagio, nikaanza kulaani kwa Kiukraini,
naye akapiga magoti, bibi wa miaka sabini na sita,
soksi za sufu, goti moja likilia kama bawaba:
"Usifagie. Usifagie kwanza."

Maji yakimwagika hayazoleki, nani asiyejua.
Nuru ndiyo huzoleka, alisema, akiokota.
Vyombo vya kwanza havikuistahimili, vikapasuka,
na kila kigae kikaondoka na cheche yake,
kikaingia kwenye vijiko, kwenye mbao, kwenye samaki wa chumvi.
Ndiyo maana Rebi Getzl hakumpunja mtu hata gramu:
hujui ni cheche ya nani unayoifunga kwenye gazeti.

Alijikata kidole gumba. Akakitazama. Akaendelea.
Vipande sitini na vitatu; alivihesabu kwa Kiyidishi,
akavitia mkobani pamoja na miwani na mkate,
akaenda zake bila kulipa wala kuaga.

Stakabadhi ninayo bado: dola arobaini na mbili.
Turubai ninayo. Ndugu zake walikuja baada ya mazishi,
wakaitazama, wakaniachia.
Na kila Machi, saa kumi jioni,
jua likipenya chini ya mlango,
kuna kitu hung'aa ndani ya ufa wa sakafu, karibu na msumeno.
Kisu cha kukitolea kipo.
Nakiruka tu, napita.