Mita Elfu Moja na Mia Mbili

Hapa hakuna kitanda. Hulazwi.
Unapanda ngazi, juu ya duka la fundi viatu,
unavua buti mlangoni kama desturi ya huku Kouvola,
unaketi na soksi zako zenye tundu
mbele ya mtu aliyesomea kunyamaza.
Dakika arubaini na tano.
Kisha unavaa buti, unashuka,
na ulichokuja nacho unarudi nacho,
ila labda umekihamisha bega.

Jumanne ya kwanza nilizungumzia magogo.
Mabehewa ishirini na nane ya misonobari
hadi bandari ya Kotka.
Nilimweleza Tuulikki uzito wake kwa tani,
nikamweleza breki, hewa inavyofyonya,
chuma kinavyosikia kwanza, kikatii baadaye.
Mita elfu moja na mia mbili, nikasema,
ndipo treni isimame.
Si kwamba haina huruma. Ina uzito.
Akaandika neno moja. Sikuuliza lipi.

Ya pili sikuja.
Ya tatu nilikuja, nikalalamikia bei ya kahawa
mpaka saa ikaisha.

Ya nne, haya:
mzee, kofia ya sufu,
gurudumu la baiskeli limenasa kwenye reli.
Nikapiga honi. Akanitazama.
Akainama tena, kuivuta baiskeli.

Sekunde tisa.
Tangu Novemba nazihesabu kila usiku,
moja, mbili, hadi tisa, halafu moja.
Kumi haipo. Kumi alikwenda nayo.

"Kwa nini hakuiacha?" nikapaza sauti,
hata fundi viatu chini akaacha kugonga.
"Baiskeli kuukuu, haina hata taa!
Ilikuwa Alhamisi, nchi nzima inakula supu ya njegere,
angeiacha, angekwenda kula yake,
nami nisingelijua jina lake hadi kufa."

Jina lake Armas.
Kwa lugha yetu, mpendwa.
Polisi alilisoma kwenye karatasi
kama anasoma namba ya behewa.

Tuulikki hakunipa methali.
Hakusema si kosa lako;
hilo nilishaandikiwa na kampuni, kwa barua yenye muhuri.
Aliuliza tu: "Mkono wako uko wapi?"
Nikauangalia.
Umekunja vidole kwenye egemeo la kiti,
unavuta.

Usiku pia huvuta.
Ilpo ana alama za kijani kwenye kiwiko cha mkono.
Kazini kwake anasema ni mbwa.
Mbwa hatuna.

Wiki ya kumi na moja tulikwenda stesheni,
mimi na yeye, kwa miguu, baridi inang'ata pua.
Alinunua maandazi ya iliki, mawili, kwenye kibanda,
tukasimama jukwaani kama watu wanaosubiri wageni.

Ikaja ya mizigo. Honi.
Magoti yakawa uji.
Hakunishika. Alisogea tu,
umbali wa kushikika.
Nikafumba macho, na mdomo wangu
ukaanza kazi yake bila kuniuliza,
behewa, behewa, behewa,
ishirini na sita, ishirini na saba,
mpaka kelele ikawa nyembamba, ikakatika.

Kumi ilipita wapi? Sikuiona.

"Umefika ngapi?"
"Sina hakika. Huenda nimeruka moja."
Andazi lilikuwa limepondeka kiganjani.
Nikalila hivyohivyo, pamoja na uzi wa glavu.

Usidhani nimepona.
Usiku uleule nilimdaka tena Ilpo, mkono uleule,
nikavuta.
Akageuka, usingizi bado umemjaa kinywani:
"Umesimama?"

Bado, nikamwambia.
Lala.
Napunguza mwendo.