Saa Tatu kwa Saa Yetu

Darubini hii ilifika Konde imeng'oka jino,
kigurudumu cha plastiki, kidogo kama kifungo,
na mwenyewe, mwalimu wa kujitolea, akarudi kwao
akaniachia mimi, fundi simu, kwa deni la chaja mbili.
Jino nimelitafuta mwaka mzima.
Nimelipata tumboni mwa printa ya skuli, iliyokufa na wino wake.

Usiku wa kwanza nikaipa betri ya pikipiki.
Mize akashika kurunzi tuliyoifunga kitambaa chekundu.
Mashine ikafungua kidirisha chake, ikauliza:
Uko wapi? Nikaiambia. Leo tarehe ngapi? Nikaiambia.
Saa ngapi?
Isha ilishasaliwa kitambo. Nikaandika: tatu.

Nenda Suheli, nikaiamuru,
na Suheli ile pale, juu ya paa la kusini, kweupe.
Ikanguruma, ikageuka
kama mtu aliyeitwa kwa jina la nduguye,
ikaipita Suheli bila salamu,
ikateremka, ikateremka
mpaka kwenye banda la kuku la Asaa Khatoro, chini ya taa yake ya uani.
Hapo ikalia pii: tayari.

Mize kaweka jicho. "Mjomba, naona mtetea."

Tulicheka hadi mke wa Asaa akafungua dirisha.
Kumbe huko ilikoundwa saa huanza kuhesabiwa usiku wa manane,
watu wamelala, hakuna shahidi;
kwetu saa moja ni jua limeshazama, kila mtu kaliona.
Nikaandika ishirini na moja, kama anayejaza fomu ya benki.
Safari hii ilikwenda moja kwa moja.
Ikataka nyota ya pili, ikaiandika Kimombo;
Mize, mtoto wa chuoni, akaisoma: rijl. Mguu.

Kilimia hatukukihitajia mashine.
Kilimia kila mtu anacho, bibi zetu walikifuata na jembe begani.
Tulitaka kisichoonekana,
kundi lisilo na jina, namba tu orodhani:
elfu mbili mia nne hamsini na tatu.
Nikabonya. Ikaenda. Pii.

Nikatazama. Hakuna.
Giza, na nyota tatu nne za kupita.
Mashine yasema lipo, jicho lasema halipo.
Nimwamini nani, huyu niliyemtia jino la printa,
au hili lililochakaa kwa saketi za simu?

Tukatundika jamvi la karafuu kwenye kamba ya nguo
kuiziba taa ya Asaa. Tukangoja.
Mize kajifunika kanga kichwa kizima.
"Usilikodolee," nikamwambia. "Tazama pembeni,
kama unavyomtazama mgeni anayekula."

Mota ikatafuna mbingu, tik, tik.

"Lipo."
"Lipoje?"
"Kama pumzi kwenye kioo.
Kama unga uliobaki kwenye ungo.
Nikilitazama linaondoka."

Nikarudi mimi. Nikatazama pembeni,
nikagonga bomba kwa ukucha, kikatikisika kitu:
ukungu, ukungu wenye punje, moja, mbili,
ya tatu sina hakika, siapi.

Mwanga ule ulitoka kwao Konde haijaitwa Konde,
ukasafiri kote huko, hakuna aliyeusubiri,
ukaja kuingia jicho la mtoto wa kidato cha pili
ambaye kesho ana mtihani wa hesabu na hajasoma.

Daftarini kaandika kwa penseli:
Kundi hafifu. Limeonekana, si sana.
Kidirisha kilisema 21:47.
Mize kaandika saa nne kasoro dakika kumi na tatu.
Nikamwambia, watu wa nje hawatafahamu.
"Watahesabu," akasema, akaanza kukunja jamvi.