Siku ya Tatu

Alibisha saa tano usiku, mlango wa nyuma,
ule unaotokea kwenye mapipa ya taka.
Mvua ya Hull hainyeshi, inang'ang'ania tu.
Shaali, mtoto wa dada yangu,
viatu mkononi, soksi chapachapa.
"Khaloo, usiwashe taa."
Sikuwasha.

Taa hiyo mwendesha mashtaka aliitaja mara nne.

Sikuuliza umefanya nini. Niliuliza umekula?
Nikampashia wali na samaki wa kopo,
akala wima, jicho dirishani.
Mkono wa koti ulikuwa na doa,
na mimi kazi yangu kufua,
mwaka wa kumi na mbili nafua mashuka ya wazee wa watu.
Damu haitaki maji ya moto, itaganda.
Maji baridi, chumvi, subira.
Mikono ilijua kabla yangu.

Ulijua, au hukujua?
Kesi nzima ililala hapo.
Kwa sheria yao si lazima uwe umeambiwa,
wala hawajali ni mwana wa nani.
Ukiamini tu kwamba ametenda,
kisha ukamfichia, ukamfulia,
basi nawe umo.

Usiku wa kwanza alilala chumba cha masanduku,
magoti kifuani, mrefu yule.
Siku ya pili redio ikasema kuna kijana hospitali,
miaka kumi na tisa, hajafumbua macho.
Nikaizima.
(Hilo nililisema mwenyewe kituoni, kwenye kinasa sauti.
Wakili wangu, Bi Hargreave,
alikuwa amenifunza neno moja tu: sina la kusema.
Akatazama kalamu yake.)

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilimpa nauli,
paundi sitini za kwenye kopo la majani ya chai,
apande basi la alfajiri kwenda Glasgow.
Walitangulia wao.
Hawakuvunja kitu. Waligonga,
na mmoja akafuta viatu kabla ya kuingia.

Shaali miaka saba.
Mimi miezi kumi, imetundikwa juu yangu miaka miwili,
nikikosea, inanidondokea;
na saa mia na ishirini za kazi isiyo ujira.
Jaji mpole, miwani puani,
alisema mahakama inaelewa mapenzi ya damu.
Akayaweka upande wa kupunguza.
Koti akaliweka upande wa kuongeza.
Kazini wakaniandikia barua ya heshima:
mwenye doa kwenye cheti haguswi na wazee.

Dada alipiga simu kutoka Wete.
"Kwa nini uliwafungulia?"
"Walibisha."
"Na mwanangu si alibisha?"
Nikasikia jogoo upande wake, kisha salio likakata.

Jumamosi ya kwanza ya adhabu yangu
walinivika kizibao cha rangi ya chungwa
nyuma ya kanisa, penye viazi na magugu.
Msimamizi, Desmond, akafungua banda,
akachagua, akanikabidhi jembe.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope.
"Kuna nini, mama?"
Miaka kumi na saba katika nchi hii, Desmond,
nikuelezee kuanzia wapi?
Nikainuka. Nikalima.