Zamu ya Usiku, E Nane

Njia ya mwongo ni fupi, twaambiwa.
Hii ina kilomita elfu moja na mia nne,
toka Tromsø, bahari isiyoganda,
hadi Turku, bahari inayoganda.
Huenda basi inasema kweli.

Oula Palojärvi haijui methali hiyo.
Ana lori lenye jembe la chuma puani,
chupa ya kahawa, redio inayokoroma,
na kipande chake: Karesuvanto hadi mpakani,
kwenda na kurudi,
theluji inapopamba moto.

Bibi yake, Ristenná, alipita hapa
kabla ya hapa kuwa hapa.
Kulungu watatu, sleji, nyota.
Alishuka gulioni Skibotn na siagi, ngozi,
ndege weupe walioganda kama mawe;
akarudi na unga, chumvi, samaki wakavu
na lugha moja zaidi mdomoni.

Kisha kofia za chuma zikataka njia.
Waliochimba hawakuwa wao.
Walikuwa mateka,
miguu wameiviringia karatasi za saruji.
Ristenná alirusha mkate toka slejini.
Mmoja akaudaka,
akaupima kwa kidole gumba,
akaukata vipande tisa, sawa kwa sawa,
cha mwisho chake.
Hakumjua jina.
Barabara nayo hailijui.

Walipokimbia, wenye kofia walichoma walikopita.
Muonio likabaki kanisa,
na dohani, dohani, dohani,
kama watu waliosimama kusema jambo
wakalisahau.

Amani ikaja na lami.
Ramani ikaipa barabara namba,
ikaivua, ikaivika nyingine:
nane, ya mtumba,
ilishavaliwa na barabara ya mbali.

Sasa, saa tisa usiku,
malori ya samaki yanateremka kusini,
barafu yadondoka milangoni.
Dereva mmoja, Mlithuania, humwashia Oula taa mara mbili.
Hawajawahi kuzungumza. Ni marafiki.

Ila pale konani, chini ya mlima,
Oula huinua jembe kiganja kimoja,
kama mtu anayeinua kofia.
Msimamizi amelalamika:
pale pekee theluji hubaki.
“Jembe lina hitilafu?”
“Lina hitilafu,” hujibu Oula.
“Utalitengeneza?”
“Kesho.”

Njia ya mwongo ni fupi.
Ya Oula ina mita arobaini.