Kidole cha Shira

Kidole hiki nimekipimia shira miaka arobaini.
Nachovya, nakibana na gumba, naachia polepole:
uzi mmoja, ya vidonge vya jibini;
nyuzi mbili, ya kashata za nazi.
Krishnanagar nzima imekula kwa kidole hiki.

Sasa ndicho kidungwacho kila alfajiri.
Tone jekundu. Mashine yafikiri kidogo, kisha yasema:
mia mbili na kumi na nne.
Hemnalini huandika kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa nyuma,
kama kwamba damu yangu imekopa dukani.

Na imekopa.
Chovya chovya humaliza buyu la asali,
nami nilidhani buyu ni la wateja.

Wali sasa ni kikombe kimoja,
kikombe cha chai, usioshindiliwa.
Nusu ya sahani ni ya mboga: karela, mchicha,
ua la mgomba alilolichambua
hadi kucha zake zikawa nyeusi.
Samaki wa mtoni kwa haradali. Dengu nzito.
“Anza na mboga,” asema, “wali usubiri zamu yake.”
Wali unasubiri. Mimi ndiye nisiyejua kusubiri.
Fenesi, vipande viwili; nabaki na kokwa mkononi
nikizigeuzageuza kama mtu aliyeshindwa bao.

Dukani vijana hunitazama nipitapo kwenye trei.
Utajuaje, mzee, bila kuonja?
Nasikiliza. Maziwa yaliyokolea huchemka kwa sauti nene.
Shira ikiiva, huacha kucheka.
Wateja wanasema sarpuria ya mwaka huu ni tamu kupita zote.
Nazipokea sifa hizo
kama habari za mji nisiokwenda tena.

Kisha ikaja wiki ya Jagaddhatri,
oda mia tatu, ngoma barabarani tangu usiku.
Kidonge nilikimeza. Chakula nilikisahau.
Jasho la baridi, magoti ya mtu mwingine,
karai moja nikaliona mawili.
Hamsini na nane.

Kanai, mwanagenzi wangu,
aliyeapishwa na Hemnalini asinipe hata punje,
alisimama na mwiko hewani,
akautupa, akachota shira iliyopoa,
kijiko, na kijiko, na kijiko,
akanishika kidevu kama mtoto.

Miaka mitatu.
Ulimi ulisahau adabu zote.

Tuliketi juu ya magunia robo saa,
kidole kingine kikadungwa, namba ikapanda,
karai likarudi kuwa moja.
“Tamu?” akauliza Kanai, macho yamemjaa maji.
Nikatafuta neno. Nikajilamba mdomo.
“Imepita uzi mmoja,” nikamwambia. “Punguza moto.”

Hemnalini akaja amebeba kikombe cha wali,
hakusema kitu.
Safari hii alikishindilia.