Asumani na Makala

Somo la saa tano, Majengo, darasa la mwisho uani.
Ubao wetu ni mweusi, na kuta ni nyeusi zaidi:
mawe yaliyotoka tumboni mwa Nyiragongo
mwaka ule tulipokimbilia Gisenyi na magodoro kichwani.

Nachora. Chaki ni fupi, kucha inakwaruza.
Hapa mahema machache ya wachunga farasi.
Hapa Osmani, mwenye upanga na usingizi mzito,
aliyeota mti ukimwota kitovuni,
ukatanda, kivuli kikameza milima.
Ndivyo wasemavyo.
Ndoto ya mfalme hushonwa na wajukuu.

Naongeza: Bursa. Edirne.
Mizinga ikikokotwa na maksai,
ukuta wa miaka elfu ukipiga magoti.
Kairo. Baghdadi. Makka.
Chaki ikaisha kabla ya mipaka.

Mlangoni amesimama Asumani.
Tulimfukuza muhula wa pili, mafaranga ya shule.
Chukudu yake imeegemea ukuta,
magunia manne ya makala kutoka Kibumba.
"Mwalimu, huyo ni wajina wangu?"
Darasa likacheka. Nikasema ndiyo:
Osmani, Uthmani, Asumani,
jina moja lililobadili viatu njiani.

"Na mti wake?"

Nikashika kitambaa.
Ugiriki, nikafuta. Misri.
Deni la mabenki ya Paris, nikafuta kwa nguvu.
Wana wa wafalme wakafungiwa vyumbani
hata wakasahau farasi anapandwa upande gani.
Kisha vita kubwa, na mimi nakohoa vumbi jeupe.

"Ikafa lini hasa?"

Kitabu kinasema elfu moja mia tisa ishirini na mbili.
Lakini babu yangu Feruzi, kule Kasongo,
kila Ijumaa alimwombea sultani wa Stambuli,
na aliendelea kumwombea miaka saba zaidi,
mpaka mchuuzi wa chumvi alipomnong'oneza:
Shehe, mtu huyo hayupo. Hata kiti hakipo.
Babu hakumjibu. Ijumaa iliyofuata
alifika kwenye jina, akameza mate, akaliruka
kama mtu arukaye mfereji gizani.
Waumini wakaitikia amina palepale pa siku zote.

Kwangu mimi ilikufa hapo,
katika pumzi ile moja.

Asumani aliyatazama magunia yake.
"Basi labda ndio huu ninaousukuma," akasema,
na safari hii hakuna aliyecheka.

Kengele. Akaweka goti juu ya kipande cha tairi,
akateremka kuelekea Birere
akipiga mluzi kuwaonya wenye haraka.

Nilinawa mara mbili.
Chaki ilibaki ndani ya kucha,
na kizingitini, aliposimama,
vumbi jeusi, umbo la kandambili moja.